Radhi Niliyoifuata Dun Laoghaire

Mmeniuliza msikitini, mmeniuliza kwenye ngazi za kituo cha Queensbury, na juzi Bi Kusum kaniuliza dukani kwake Kingsbury Road huku kashika biringanya mkononi: mtu mwenye akili zake anakwendaje Ayalandi siku tano kwa jambo la maneno mawili? Kila mmoja wenu nimemsimulia kipande. Mmoja kapata ya meli, mwengine kapata ya askrimu, na sasa nasikia vipande vimeunganishwa vibaya na inasemekana nilizirai bandarini. Sikuzirai. Basi nakaa chini niandike yote, maana wiki ijayo naondoka kwenda Hija na sitaki kuacha uongo mtaani nyuma yangu.

Kabla ya Euston

Desturi mnaijua. Anayekwenda Hija huandika wasia, hurudisha amana za watu, na hupita kwa kila aliyewahi kumkosea akamtaka radhi. Mimi nilipita kote. Nilikwenda hata kwa kinyozi niliyemwambia mwaka mzima kwamba mkono wake mzito. Wote walinisamehe, wengine kwa haraka mno mpaka nikashuku kwamba hawakunisikiliza. Likabaki jina moja, na hilo ndilo lililokuwa likiniamsha: Fintan.

Fintan na mimi tulikuwa madereva wa treni za chini ya ardhi hapa London, dipo moja, meza moja ya kantini kwa miaka kumi na tatu. Mada yetu ilikuwa moja. Yeye akisema kwao, mji wa pwani nje kidogo ya Dublin, ndiko ilikofika reli ya kwanza ya Ayalandi nzima. Mimi nikimjibu kwamba sisi Unguja tulikuwa na treni ya Bububu, na babu yangu alikuwa akiikimbilia na kuidandia kwa nyuma. Hatukuwahi kufika mwisho wa ubishi huo. Katika Kiswahili changu alipenda neno moja tu, pole. Akimwaga chai, namwambia pole. Akijikwaa, pole. Nilimfundisha na jibu lake, nishapoa, akawa anaitikia kwa sauti kantini nzima mpaka madereva wengine wakawa wanamwiga.

Kisha siku moja, Alhamisi, akaja mezani kwangu hana rangi usoni. Mama yake amefariki. Msimamizi kamwambia apate wa kumshikia zamu ya Ijumaa ndipo aondoke usiku ule; akikosa, asubiri Jumamosi. Ijumaa mimi nilikuwa na mapumziko. Nikamwambia siwezi, nina mgonjwa nyumbani.

Sikuwa na mgonjwa. Ijumaa ile nilikuwa naletewa televisheni ya rangi.

Fintan aliondoka Jumamosi. Mama yake alizikwa Jumamosi hiyo hiyo asubuhi, na yeye meli ikamshusha jioni. Aliporudi kazini nilihamia meza nyengine, mbali, karibu na jikoni. Mwaka uliofuata akastaafu, akarudi kwao. Kila Krismasi ikaja kadi kutoka kwake, ndani mna jina lake na anwani, basi. Kila kadi niliisoma kama hati ya mashtaka, nikampa mke wangu, Zuhura, aitie ndani ya kopo la biskuti. Zilifika kumi na mbili.

Mjukuu wangu Salma, mnamjua, anasikia Kiswahili chote lakini kukisema hataki, akaniambia, "Babu, just ring him!"

"Radhi haiombwi kwa simu," nikamjibu kwa ukali.

Ukweli ni kwamba niliogopa Fintan angekata simu. Nikamwandikia barua tu, kwamba Jumatano nafika.

"Mwache aende," alisema Zuhura, huku ananifungia kuku wa kukaanga na kachori za watu sita. "Babu Salma, Mungu akikuuliza habari ya televisheni, utamjibu nini?"

Bi Kusum naye, aliyezaliwa Darajani na akaja huku mwaka mmoja na sisi, alinipa boksi la halua. "Mkono mtupu usiende, Bwana Khamis. Wazungu hao wa huko ni kama sisi, wanatazama mkono."

Euston mpaka Crewe, ambako treni ililala

Asubuhi ya Jumatano nilipanda Euston nikajisikia kama mtoto wa sikukuu. Miaka thelathini nimeendesha treni, na sehemu kubwa nimetazama ukuta mweusi. Sasa nimekaa dirishani, mwengine anaendesha, na nje kuna ng'ombe! Nilifungua kachori ya kwanza kabla hatujafika Watford.

Crewe tukasimama. Dakika ishirini, arubaini, saa nzima. Watu wakaanza kunung'unika, nami nikashindwa kunyamaza, nikawaeleza habari za ishara na makutano ya njia kama vile nimelipwa kufanya hivyo. Aliyenisikiliza mpaka mwisho ni mama mmoja aliyekaa mbele yangu, mnene, mwenye kofia ya buluu, kapakata boksi la keki ya harusi ya mpwa wake. Jina lake Breda. Nilimpa kachori, alikataa mara mbili na mara ya tatu akala nne. Nikajua niko na mtu wa kwetu.

Akaniuliza naenda wapi. Nikamtajia Fintan, na jina la mji wake, ambalo huandikwa kwa herufi za kumtisha mtu lakini husomwa Dan Liri tu. Akapiga ukelele: ni kwao! Na Fintan yuko nyumba nne kutoka kwake!

"Unakwenda kupumzika?" aliuliza.

"Hapana, mama. Nina safari mbele yangu. Wasia nishaandika. Shuka zangu mbili nyeupe, zisizoshonwa, nishanunua, mke wangu kazikunja kabatini. Watu wote nishawataka radhi. Kabaki Fintan peke yake."

Breda akanitazama. Akaweka mkono wake juu ya wangu, palepale mbele ya watu. "Na umeikubali?" akauliza taratibu.

"Kuikubali? Nimeiomba maisha yangu yote! N'na furaha, hata usingizi siupati."

Macho yake yakajaa maji. Nikajisemea, tazama imani ya mama huyu, Mkristo lakini anaiheshimu Hija namna hii. Neno Hija lenyewe, kumbe, sikulitamka. Halikunijia. Nani mwengine duniani anaandika wasia, ananunua shuka mbili na kuzunguka akitaka radhi?

Holyhead na maji yale

Bandari ya Holyhead tulipanda meli, ikatuchukua saa tatu na nusu. Mimi mtoto wa Malindi ya Unguja, niliyemcheka kila Mwingereza aliyetapika, nilikaa chini ya sitaha nimekumbatia nguzo. Breda alinifunika kwa koti lake, akaniletea chai na biskuti kavu, akawafukuza vijana waliotaka kukaa karibu yangu na bia zao. "Mwacheni mzee apumue," aliwaambia.

Nilipopata nguvu za kusimama, nilitoka nje nikashika chuma cha pembeni. Hapo ndipo Fintan aliponijia vizuri. Alisimama hapa hapa, nikawaza, akihesabu saa, na aliposhuka mama yake alikuwa chini ya udongo. Moyo uliniuma, na nasema hivi bila kutia chumvi. Nilikuwa sijawahi kuuona urefu wa ule wakati.

Jua lilikuwa bado liko juu, wakati wao wa kiangazi, tulipoingia kati ya mikono miwili ya mawe iliyonyooshwa baharini. Ndiyo bandari ya Fintan, ile aliyokuwa akinichorea juu ya meza kwa chai iliyomwagika. Nyuma yake nyumba za rangi za askrimu, minara miwili ya makanisa, na milima midogo ya kijani. Nilisahau kichefuchefu. Nilisahau hata kuogopa!

Mwana wa Breda alikuja na gari, wakanifikisha mpaka getini. Nilipiga hodi. Breda akapita ubavuni, akamvuta kando mke wa Fintan, Noreen, wakawa wananong'ona karibu na maua. Fintan akatokea mlangoni na ndara zake, amekonda, nywele nyeupe pe.

"Khamis," alisema. "Umechelewa."

Sikujua alikuwa na maana ya meli au ya miaka kumi na miwili. Nikafungua mdomo ili nianze palepale, lakini Noreen alikuja akatuingiza ndani, akanikalisha kwenye kiti kizuri kuliko vyote na kuniwekea mto mgongoni na mwengine chini ya miguu.

Mji wa Fintan, siku mbili kwa miguu

"Kwanza utauona mji," alisema Fintan asubuhi, na hakukubali mjadala. "Miaka kumi na tatu umeukejeli. Sasa utautazama."

Jamani, mji ule! Naandika na bado miguu inataka kurudi.

Tulianza na gati la mashariki, mwendo wa karibu nusu saa kwenda mpaka kwenye mnara wa taa. Watu wa mji mzima wanatembea huko, na mbwa wao, na watoto kwenye vigari, na katikati kuna kibanda cha bendi. Bandari hii, Fintan akanieleza, ilijengwa baada ya meli zilizojaa askari kuvunjika ndani ya ghuba na maiti kutupwa na mawimbi ufukweni. Watu walipiga kelele mpaka wakubwa wakakubali kujenga mahali pa meli kujificha. Mawe yakatoka mlimani, Dalkey. Na hapo akanipeleka kwenye njia waliyoyashushia. Wewe dereva wa treni, akaniambia, hebu sikia hii: magari yaliyojaa mawe yakiteremka, uzito wake kwa mnyororo unayavuta matupu kupanda. Hakuna injini wala farasi. Nilisimama nikatikisa kichwa.

"Bububu mlikuwa na hii?" akauliza.

"Hatukuwa na mlima," nikasema.

Kisha akanitolea turufu. Zamani, kutoka hapo mpaka Dalkey, palipita treni iliyovutwa na hewa. Bomba katikati ya reli, mashine upande wa pili inafyonza hewa, na treni inakwenda! Ngozi ya kuzibia bomba ilipakwa mafuta ya mnyama, na wenyeji wanasema panya waliila usiku mpaka reli ikafa. Nilicheka nikakaa chini ukingoni. Fintan akanishika mkono upesi, uso wake una wasiwasi. "Polepole," alisema. "Usijichoshe."

Nilishangaa kidogo. Lakini kila mtu alikuwa hivyo. Muuza samaki alinifungia makrili wa moshi, ndugu wa vibua wetu, akakataa pesa yangu, akanibana bega. Mama mmoja kanisani alisema ananiwashia mshumaa. Kwenye bustani mzee mmoja alisimama kunipisha benchi, naye ana mkongojo! Nikajisemea, hawa watu wanatuzidi kwa ukarimu, na nikaona haya kwa niaba ya London nzima.

Nilionyeshwa nguzo ya mfalme wa Kiingereza aliyepanda meli hapo akaondoka. Kwa kuondoka tu, wakaubatiza mji mzima kuwa mji wa mfalme. Uhuru ulipokaribia wakalirudisha jina la kale, ngome ya Laoghaire, mfalme wao wa zamani. Nikamwambia Fintan, hayo ya kubadilisha majina nayajua, kwetu baada ya Mapinduzi mtu alilala mtaa mmoja akaamka mwengine. Nilionyeshwa minara minene, mifupi, ya kumngojea Napoleon, ambaye hakuja. Na nilionyeshwa miamba ambako watu huogelea mwaka mzima, hata barafu ikianguka. Zamani paliruhusiwa wanaume peke yao, mpaka siku moja kina mama wakaja na mataulo yao wakajitosa, na mambo yakaisha.

Nilivua viatu. Maji yalinikata vifundo, lakini nilitaka kuingia mzima mzima.

"Hapana," alisema Fintan. "Kwa hali yako hii, hapana." Akaninunulia askrimu yenye kijiti cha chokoleti, na nilipoimaliza akaninunulia nyengine.

Katika siku hizo mbili nilijaribu mara ngapi? Nikisema, "Fintan, ile Ijumaa," yeye ananionyesha mnara. Nikisema, "Fintan, kilichonileta," anasema ule pale ndio mlima wa Killiney. Nilianza kuogopa kweli. Labda hataki kunisamehe, na huu ukarimu wote ndio namna yake ya kunifukuza bila kelele. Jumapili meli yangu inaondoka. Ijumaa usingizi ulinipotea. Nilisali, nikarefusha sijida, na Noreen alipopita mlangoni akaniona hivyo, aliurudisha mlango taratibu huku anajipangusa macho.

Jumamosi ya viti

Jumamosi mchana nilitoka bafuni nikakuta sebule imejaa viti. Viti vya jirani, viti vya kukunja, benchi la bustani. Watu wanaingia kimya kimya, kila mmoja na sahani iliyofunikwa. Sandwichi za nyama ya nguruwe, na Noreen mlinzi wangu akazihamishia mbali na kuniletea za samaki na mkate wao wa kahawia, ule mzito, mtamu. Keki. Birika mbili za chai. Breda na kofia yake ya buluu. Muuza samaki amevaa tai. Halua ya Bi Kusum imekatwa vipande vidogo vidogo. Sauti zote za chini.

Jamani, mimi msiba naujua nikiuona. Nilimsogelea Noreen, tayari natafuta kofia yangu.

"Nani kafariki?" nikamnong'oneza.

Akaliweka birika mezani. "Bado hajafariki," alisema.

"Nani?"

"Wewe," akasema Noreen, akaangua kilio.

Ilichukua muda. Breda alisimama akaeleza wasia, shuka nyeupe, safari, na jinsi nilivyoikubali kwa furaha kuliko mtakatifu yeyote aliyemjua. Mimi nikaeleza Makka, na kwamba anayekwenda huvaa shuka zile akiwa hai, na kwamba nilichonacho ni goti bovu tu.  Halafu muuza samaki akaanza kucheka, na nyumba nzima ikafuata, Breda amejificha nyuma ya kofia yake, Noreen analia na kucheka kwa pamoja. Yule mama wa kanisani akasema mshumaa wake haudai.

Fintan hakucheka. "Kwa hiyo nimekubebea begi siku mbili kwa ajili ya goti," alisema. "Basi umefuata nini hapa?"

Kukimbia hakukuwezekana tena. Nikasimama katikati ya viti vile na kusema yote: Alhamisi ile, mgonjwa ambaye hakuwepo, televisheni ya rangi. Niliomba radhi yake mbele ya watu wake, kama inavyotakiwa. 

"Habari ya televisheni naijua," Fintan akasema. "Wiki ile ile uliisimulia kantini nzima, rangi ya majani ya uwanja wa mpira. Niliporudi niliambiwa."

Nilitamani sakafu inimeze.

"Zamu nilikusamehe kabla sijaijua sababu, melini," aliendelea. "Saa tatu na nusu unatazama maji, hasira inachoka yenyewe. Zamu si kitu, Khamis. Kadi nilikuwa nakutumia upate anwani."

"Basi nini?"

Aliweka kikombe chake chini. "Nilipomwaga chai uliniambia pole. Nilipopiga kichwa kwenye mlango wa treni, pole. Hata kalamu yangu ilipokauka wino, pole. Mama yangu amekufa, nikarudi nikakaa mezani kwetu, nikakungoja. Ukahamia karibu na jikoni."

Mimi, ambaye nimebeba majeneza ya watu nisiowajua majina. Mimi, ambaye sijawahi kusikia msiba Kingsbury wala Stanmore nisiende kutoa mkono, hata kwa basi mbili na mvua. Nilimwonea haya dereva mmoja, na kwa haya hizo nikamnyima rafiki yangu kile tusichomnyima mpita njia. Miaka kumi na miwili nimebeba kosa, na kosa lenyewe sikuwa nimelijua.

Viti vilikuwa tayari. Chakula kilikuwa tayari. Watu walikuwa wamekaa, wametulia, wengi wao walimjua marehemu. Nilivuka zulia mpaka kwenye kiti chake, nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili kama tunavyofanya kwetu.

"Fintan," nikasema, "pole kwa kufiwa na mama."

Aliweka mkono wake wa pili juu ya mikono yangu.

"Nishapoa," alisema.